Mtoto anasomea nyumbani Lamu na anataka onazi ya chuo cha Marekani: anzeni na daftari

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi wa Amu, Shela, Matondoni mpaka huko Faza na Kizingitini ambao mnasomesha watoto nyumbani, na nyinyi vijana wenyewe, nimeulizwa hili swali mara nyingi sana tangu binti yangu apate nafasi mpaka nimeona bora niandike kila nikijuacho mara moja, msome polepole na mgawiane. Swali ni hili, mtoto ambaye hajakaa darasani tangu akiwa na miaka kumi na mbili, hana shule ya kumtolea ripoti, hana mwalimu mkuu wa kumpigia muhuri, ataaplai vipi chuo kikuu cha Marekani, tena sio kuingia tu, aingie na ile programu ya onazi (honors).

Anaweza. Ila kazi yenyewe siyo ile watu wanayodhania. Watu wanadhani ni kutafuta maksi za kutisha basi. Maksi zina nafasi yake lakini kazi kubwa ni kuwaonyesha watu walioko mbali, ambao hata Lamu iko wapi hawajui, kwamba hapa nyumbani kwenu watu walisoma kweli, siku baada ya siku, na wayaone hayo masomo kwa macho yao.

Onazi ni nini hasa

Vyuo vikuu vingi vya serikali kule ni vikubwa mno, makumi elfu ya wanafunzi, sasa ndani yake wanatenga kitengo cha wanaopenda kusoma kwa kina. Madarasa ya watu wachache, mara nyingi na bweni lao, wanachagua kozi kabla ya wengine, na mwisho wa masomo kwa kawaida kila mmoja anaandika tasnifu yake. Arizona State University wana Barrett, pale mwaka wa kwanza wote wanapitia semina inaitwa The Human Event, wanasoma maandishi ya kale mpaka ya juzi na kujadiliana mezani. Penn State wana Schreyer. Oregon wana Clark Honors College tangu 1960. University of Texas pale Austin wana Plan II, ilianza 1935, na hiyo ni digrii kamili yenyewe. Halafu kuna vyuo kama Swarthmore ambako onazi inafanywa miaka miwili ya mwisho na wasomi wa kutoka nje ndo wanaokuja kuwatahini, kwa hiyo hapo usihangaike kutafuta fomu ya onazi wakati wa kuaplai, wewe ingia chuo kwanza.

Nimetaja hivi vichache muone kwamba havifanani. Kuingia chuo ni mlango mmoja, kuingia onazi ni mlango mwingine. Kuna chuo unatia tiki tu kwenye fomu ile ile, kuna chuo kina fomu yake mbali na insha zake mbali na dedilaini yake mbali, na hiyo ya onazi pengine inafika kabla ya ile ya chuo. Sisi tulichukua karatasi kubwa tukaibandika ukutani sebuleni, kila chuo na mstari wake, tarehe ya chuo, tarehe ya onazi, insha ngapi, barua ngapi, wanataka nini kwa waliosomea nyumbani. Hili la mwisho liandikeni kwa wino mwekundu manake vyuo vingi vina ukurasa maalum wa wanafunzi wa nyumbani na mahitaji yake hayafanani. Tovuti isipoeleza, waandikieni imeili muulize, watu wa kuaplaisha wanajibu vizuri, na aandike mtoto mwenyewe, sio mzazi.

Daftari

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo nilipokosea mimi.

Miaka miwili ya kwanza sikuandika kitu. Binti alikuwa anasoma, namwona anasoma, asubuhi hesabu na Kiingereza, baada ya adhuhuri sayansi, jioni Kiarabu kwa ustadh, nikaona inatosha. Ulipofika wakati wa kutengeneza transkripti, ile karatasi ya kozi zote na gredi zake, nikakaa na kalamu nikajaza kwa kumbukumbu, hesabu A, sayansi A, Kiingereza A, ukurasa mmoja msafi, tukatuma chuo kimoja. Wakarudisha jibu la heshima kabisa, wanauliza hizi kozi zilikuwa na nini ndani, vitabu gani, masaa mangapi, nani alisahihisha. Sikuwa na la kuwajibu. Wallahi niliumia, kwa sababu mtoto kazi aliifanya, ni mimi ambaye sikuiweka mahali. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ya nyumbani ni mali.

Kwa hiyo anzeni mapema, mtoto akiingia gredi ya 9 maana kule wanahesabu miaka minne, 9 mpaka 12. Nunueni daftari gumu, sio simu, simu inapotea na inaanguka majini pale jetini. Kila siku andika tarehe, somo, kilichosomwa, muda. Dakika tano tu. Mwisho wa mwezi weka pamoja insha moja, mtihani mmoja uliosahihishwa, picha ya jaribio moja la sayansi.

Masaa yana maana kwa sababu Wamarekani wana kipimo cha zamani kinachoitwa Carnegie, krediti moja ya sekondari ni kama masaa 120 ya somo. Ukipiga hesabu, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 24, imetimia. Vyuo vingi vinatarajia Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu au minne, sayansi mitatu na ndani yake ziwemo za maabara, historia na jamii mitatu, lugha ya kigeni angalau miwili. Kwa lugha sisi watu wa Lamu tuna utajiri ambao hatuuhesabu. Mtoto aliyesoma Kiarabu kwa ustadh miaka sita, nahau na sarufi na kusoma matini, hiyo ni kozi, iandikeni, taja vitabu, taja masaa, ila iwe ni lugha kweli imesomwa, kuhifadhi peke yake ni jambo jingine tukufu na lina mahali pake kwenye fomu, pale kwenye shughuli za nje ya masomo.

Na maabara je, nyumbani hakuna maabara. Binti yangu maabara yake ilikuwa visima. Maji ya mji wetu yanategemea vilima vya mchanga vya Shela, mvua inazama mchangani, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa vile matamu ni mepesi, ukivuta sana chumvi inapanda. Tulimnunulia kipimo kidogo cha chumvi kile cha kutumbukiza, akawa anapima visima saba vya mtaani kila wiki kwa miezi kumi na minne, anaandika tarehe, saa, mvua imenyesha au la, maji yamejaa au yametoka baharini. Lile daftari la visima ndo limemfikisha alikofika, nitaeleza mbele.

Kutengeneza transkripti yenyewe

Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, jina la mzazi msimamizi, kozi kwa kila mwaka, krediti, gredi, na chini yake maelezo ya jinsi mlivyotoa gredi. Kupata GPA, yaani wastani wa gredi zote, ni rahisi, A ni 4, B ni 3, C ni 2, ukiwa na kozi tano zenye uzito sawa, A tatu na B mbili, ni 18 gawa kwa 5, 3.6. Saini, weka tarehe ya kumaliza au inayotarajiwa. Kuna vyuo vinataka usaini mbele ya wakili, kwa hiyo ulizeni kabla hamjatuma.

B iandikeni kama ni B. Yule anayesoma faili la mtoto wako ameshasoma mafaili mengi, akiona A tupu kutoka kwa mama halafu mtihani wa nje unasema vingine, anaacha kuamini karatasi zote, hata zile za kweli.

Pamoja na transkripti tengenezeni faili la pili la maelezo ya kozi, kila kozi aya moja, ilisomwa nini, vitabu gani, nani alifundisha, gredi ilitoka wapi. La kwetu lilifika kurasa tisa. Na kama mtu atakuja kukwambia lipa kidogo nikutengenezee transkripti ya shule fulani mtoto aonekane alisoma huko, mkimbie. Huo ni ughushi, na siku ukijulikana mtoto anaweza kufukuzwa akiwa ameshafika mwaka wa tatu.

Ushahidi wa nje

Maneno ya mzazi peke yake hayatoshi, lazima iwepo sauti nyingine. Njia zilizoko kwetu ni IGCSE, ule mtihani wa sekondari wa mtaala wa Uingereza, kama mtahiniwa binafsi, vikao viko Mei na Juni halafu Oktoba na Novemba, au KCSE ya binafsi, na SAT, mtihani wa Wamarekani wa kuaplai chuo. Sisi tulifanya IGCSE masomo matano na SAT. Kama pesa inabana na mnachagua, mimi ningesema masomo matatu ya IGCSE yaliyofanywa vizuri, hesabu, sayansi moja na Kiingereza, kisha SAT, yanabeba mzigo kuliko vyeti kumi vya kozi za mtandaoni.

SAT siku hizi ni ya kompyuta, huku nje ya Marekani ilibadilika 2023. Ni masaa mawili na dakika kumi na nne, Kiingereza na hesabu, alama 400 mpaka 1600. Inafanywa kwenye programu inaitwa Bluebook, unaipakua kwenye laptopu yako, simu hairuhusiwi. Ndani ya Bluebook kuna mitihani ya mazoezi ya bure, na Khan Academy wana masomo ya SAT ya bure, hiyo inatosha kabisa, msilipe watu. Ukijisajili watakuuliza namba ya shule (school code), ya waliosomea nyumbani ni 970000. Pasipoti ianzeni mapema kwa eCitizen kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa na huyu wetu hana hata kadi ya shule. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani msishtuke, mtihani unaendelea, inahitajika mwanzo na wakati wa kutuma majibu. Chaji ndo muhimu, laptopu iwe na uwezo wa masaa matatu manne bila waya.

Halafu safari ya kufika kituo cha mtihani. Jipeni siku mbili kabla, sio moja, mtihani hausubiri basi la Mokowe wala boti, na wa Kizingitini na Faza mkumbuke kusi inavyochafua bahari katikati ya mwaka. Angalieni pia Ramadhani inaangukia wapi, kama tarehe nyingine ipo chagueni ile ambayo mtoto hatakuwa na swaumu na safari kwa pamoja.

Kiingereza pia kuna vyuo vitataka TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo. Wa Duolingo unafanywa nyumbani kama saa moja hivi, lakini kamera inakuangalia na sauti ya mtu mwingine ikisikika unaweza kubatilishwa, na nyumba zetu mnazijua zilivyosongamana, vichochoro na punda na jirani anaita dirishani. Chumba cha ndani kabisa, usiku sana, na waambieni watu wa nyumba wote.

Mzazi ni mshauri, mwalimu ni mwingine

Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuaplai vyuo vingi, inafunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka na ina vyuo zaidi ya 1,000. Pale mtoto anapojaza shule anachagua kwamba amesomea nyumbani, kisha anaweka imeili ya mzazi kama mshauri wa shule. Ndiyo, wewe mama au baba ndo unajaza ripoti ya shule, unapakia transkripti, unajaza maswali ya ziada ya waliosomea nyumbani, kwa nini mlichagua hivi, mnatoaje gredi, nani wengine walifundisha. Jibuni kwa ukweli mtupu. Mimi niliandika kwamba alikuwa na pumu na daktari alitwambia akae mbali na vumbi, tukaanza kwa mwaka mmoja, na mwaka ukaisha tukaona anasoma zaidi kuliko alivyokuwa anasoma, tukaendelea. Mistari minne tu. Andikeni pia ukurasa mmoja wa kuielezea nyumba yenu kama shule, mji ni upi, maktaba iko au haiko, stima na intaneti vikoje. Wao hawawezi kukisia kwamba huku magari ni ya kuhesabu na kwamba vitabu vingine vilikuja kwa boti.

Ila barua za mwalimu za kumpendekeza mtoto usiandike wewe. Barua ya mama haina uzito hapo hata ikiwa nzuri namna gani. Binti alikuwa na mwalimu mstaafu wa kemia aliyekuwa anamfundisha Jumamosi, na ustadh wake wa Kiarabu. Ustadh hana imeili na haandiki Kiingereza. Tulifanya hivi, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwa Kiswahili, mpwa wake mwalimu akaitafsiri, wakaifungulia imeili yake ustadh pale saiba, wakapakia zote mbili, ya mkono na tafsiri, mimi sikuisoma mpaka leo. Na mtoto kwenye fomu alitia saini kwamba hatadai kuiona, ile sehemu inaitwa FERPA, jina la sheria yao ya rekodi za wanafunzi, na wenu watie saini manake barua ambayo mtoto hawezi kuiona inaaminika zaidi. Waombeni walimu miezi miwili kabla na muwapelekee ile kazi ya mtoto waikumbuke. Ustadh aliandika jinsi binti alivyobishana naye wiki nzima juu ya mstari mmoja wa sarufi kisha akarudi kukubali kwamba amekosea. Mpwa wake ndo aliniambia baadaye, na sidhani mimi ningekumbuka kuandika jambo hilo.

Insha za onazi

Insha kuu ya Common App mwisho ni maneno 650. Za onazi huwa ni za ziada na zinauliza mambo kama ni wazo gani limekubadilisha, ni swali gani ungependa kulichunguza, kwa nini unataka kusoma namna hii.

Ya kwanza aliyoandika binti ilikuwa ni ndoto zake na kusaidia jamii na kufanya bidii, maneno mazuri yote lakini jina lake ungelifuta ukaweka la mtoto mwingine yeyote ingefaa vile vile. Nikamuuliza, katika miaka hii yote ni kitu gani kilikukosesha usingizi? Akasema kile kisima cha nyuma ya msikiti. Kwa nini? Kwa sababu masika ikinyesha visima vitano chumvi inashuka, lakini hicho na kimoja cha karibu yake chumvi inapanda, na sijui kwa nini. Nikamwambia kaandike hilo.

Akaliandika. Alivyodhani kwanza ni kipimo kimeharibika akakipima kwa maji ya mvua, alivyodhani ni bahari akalinganisha na maji kujaa na kutoka, alivyowauliza wazee watatu wakampa majibu matatu, na mwisho akaandika kwamba bado hajui na anataka kwenda mahali watakapomfundisha jinsi ya kujua. Hakuficha kwamba hajui. Onazi ni ya watu watakaoandika tasnifu, wanatafuta mtoto anayeweza kukaa na swali mwaka mzima bila kuchoka, na mtoto wa nyumbani aliyezoea kujitafutia ana hili kama limetunzwa. Kwa hiyo vijana, msiandike insha ya kuonewa huruma eti mimi ni maskini wa kisiwani, wala msiazime swali la mtu. Kama swali lako ni la ngalawa, ni la khanga za bibi yako, ni la kwa nini samaki fulani hawaonekani tena, hilo hilo.

Mzazi asome insha kuuliza maswali, asishike kalamu.

Pesa na tarehe

Onazi si pesa, hili watu wanachanganya sana. Unaweza kupata onazi na usipate shilingi, na kuna onazi zina ada yao juu ya ada ya chuo, Barrett ni mojawapo. Skolashipu ziulizeni mbali, na mwulize kama zinawahusu wageni. Ile fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa pesa wa serikali yao, ni ya raia na wakaazi wao, kwetu baadhi ya vyuo hasa vya binafsi vitataka CSS Profile, fomu nyingine ya kueleza hali ya pesa ya familia. Ada ya kuaplai ikiwa ngumu andikieni chuo muombe msamaha wa ada, wengi wanao utaratibu. EducationUSA pale Nairobi ni ofisi ya ubalozi wa Marekani, ushauri wao ni bure, na mnaweza kuzungumza nao kwa mtandao bila kusafiri, watumieni kabla hamjampa dalali pesa yoyote.

Tarehe nyingi za mapema ni 1 Novemba, nyingine Desemba, nyingine Januari. Kuna ya mapema isiyofunga na ya mapema inayofunga, hii ya pili ukikubaliwa umefungika kwenda, familia inayongoja kuona msaada wa pesa isiisaini bila kufikiri sana. Kwenye Common App dedilaini ni saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za hapa ulipo, lakini chuo chenye fomu yake chenyewe kinaweza kuhesabu saa za kule, someni. Msingoje usiku huo. Sisi stima ilikatika magharibi ya siku ya mwisho, tukatuma kwa simu ya jirani kwenye ngazi huku chaji iko asilimia sita. Wekeni tarehe yenu wenyewe siku tano kabla.

Akikosa onazi mara ya kwanza na chuo kimemchukua, bado. Barrett, Schreyer na nyingine zinapokea wanafunzi ambao wameshaanza chuo, kwa gredi za huko huko. Huo mlango wa pili kwa mtoto wa nyumbani pengine ni mwepesi zaidi manake sasa ana gredi ambazo hakuna atakayezitilia shaka.

Majibu mengi yanakuja mpaka Machi, kujibu kwa kawaida ni kabla ya 1 Mei. Akikubali, wewe mshauri bado una kazi, transkripti ya mwisho yenye tarehe ya kumaliza, itumeni, watu wanaisahau. Kisha chuo kitatuma I-20, karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi, baada ya kuona uthibitisho wa pesa za mwaka wa kwanza, mnalipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kuwasajili wanafunzi wageni, dola 350, mnajaza DS-160 ambayo ni fomu ya viza, mnapanga mahojiano ya viza ya mwanafunzi, F-1, Nairobi. Siku ya mahojiano abebe transkripti, maelezo ya kozi na vyeti vya mitihani, kwa sababu anaweza kuulizwa alisoma shule gani. Binti alibeba na daftari la visima.